Kambi Saba, Kambi Iliyosahauliwa Kukabidhiwa

Kwa miaka thelathini nimeishi nikiamini kwamba mimi ni Mwingereza. Si kwa rangi, hapo hata kioo cha kinyozi kinakataa, bali kwa sheria. Mzungu wa shamba la mkonge alipofungasha virago, aliandika orodha ya vitu vyote anavyoiachia serikali: korona ya kuchakata mkonge, matrekta, reli, mpaka vijiko vya jikoni. Akairuka Kambi Saba. Alisahau tu. Kwa hiyo Kambi Saba haikukabidhiwa kwa mtu, na sisi tuliozaliwa pale ni mali ya Uingereza mpaka kesho.

Habari hiyo niliisikia nikiwa na miaka saba, siku ya kumzika babu. Aliyeisema alisimama hatua mbili kutoka kaburini, uso mkavu, sauti ya hakimu. Nikajiambia, mtu mzima hadanganyi penye kaburi. Baada ya hapo mama alinihamishia Kilole, mjini Korogwe, na imani yangu nikahama nayo. Hata kwenye masomo ya usiku, mwalimu aliponiuliza faida tatu za uhuru, nilisimama nikauliza, "Kwa upande wenu au wetu?" Darasa lilicheka mpaka umeme ukakatika.

Basi mwezi uliopita akanipigia simu shangazi yangu, Mwanaidi, aliyebaki kambini.

"Njoo na kalamu," akasema. "Kijiji jirani kinakaa mkutano Alhamisi kutuamulia. Wanataka historia yetu kwa maandishi, tulitoka wapi na tulipataje kukaa hapa. Tukikubaliwa kuwa kitongoji chao, lile darasa tulilojijengea litaletewa mwalimu. Tukikataliwa, watoto wataendelea kuvuka korongo. Na masika haya korongo lilitaka kutuchukulia mmoja."

"Mbona mimi, shangazi?"

"Wewe ndiye msomi tuliyenaye. Waliosoma mchana wote wamehamia Dar."

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, niliondoka Kilole nyuma ya pikipiki ya Rama, bodaboda wa mtaani kwetu. Nilibeba daftari kubwa, kalamu nne, kwa sababu historia ya dola mbili si mchezo, na tai niliyoivaa kabisa ili nisiisahau. Upepo wa njiani uliipeperusha ikanipiga masikioni tangu nyumbani hadi mjini kati.

Old Korogwe tulisimama kunywa chai. Mama muuza chai akaniangalia juu mpaka chini.

"Na tai hiyo, kaka, unakwenda kuoa au kushtakiwa?"

"Nakwenda Kambi Saba kuandika historia."

"Iko wapi hiyo?"

"Handeni," akadakia mzee mmoja aliyekuwa akichovya andazi.

"Handeni gani!" mwenzake akamkatiza. "Nilikaa Handeni miaka minne. Wao wanasema iko Korogwe."

Wakabishana mpaka andazi la yule mzee likazama. Niliwaacha hapo, nikiona fahari. Mahali panapokataliwa na wilaya mbili, nilijiambia, lazima pawe na mwenyewe ng'ambo.

Saa mbili na nusu tulikuwa tumeiacha lami ya kwenda Handeni, tumeingia njia ya vumbi katikati ya mkonge wa zamani uliogeuka pori. Vumbi lile si la dunia hii. Nilikohoa, nikatoa tofali. Juu yetu zilipita nyaya za umeme, nguzo kubwa kubwa, zikielekea kwa watu wengine bila hata kutusalimia.

"Unaijua njia?" nikamuuliza Rama.

"Kaka, huku nimeshaleta wagombea watatu. Wakati wa kampeni njia hii inajionyesha yenyewe, imelimwa, imemwagiwa maji. Kura zikishahesabiwa inarudi kujificha."

Saa tatu tuliingia Kambi Saba. Nyumba kama arobaini, nusu yake zile za mstari walizojengewa manamba, vibarua waliosombwa kutoka bara kuja kukata mkonge, na nusu za tope. Kuna msikiti mdogo na kanisa dogo, na vyote viwili vinaazimana mabenchi. Kabla sijashuka vizuri kwenye pikipiki, mzee mmoja mwembamba alinivua tai shingoni, akaivaa yeye.

"Mpagazi amerudi!" akapaza sauti. "Wanyamwezi wamerudi! Uko wapi mzigo wangu, wewe? Babu yako alitumwa pwani na pembe, mpaka leo nasubiri chenji!"

Nikajua huyu ni Mzigua, na Wazigua na sisi Wanyamwezi ni watani. Mtani hakasirikiwi, hujibiwa.

"Shikamoo, mzee. Nyinyi mliokula mbegu siku ya kupanda mna chenji ya nani?"

"Marahaba! Ana mdomo, huyu ni wetu!" Akaondoka na tai yangu, akitembea kama mkuu wa mkoa.

"Huyo ni Mzee Mhando," akasema shangazi Mwanaidi akinipokea. "Anatoka kijiji kile kinachotuamulia. Nenda ukamuulize kwanza, yeye ndiye anayeijua kambi hii."

"Shangazi, msomi haanzii kwa mtani. Halafu historia ninayo kichwani."

Shangazi alinitazama kidogo, kisha akaenda kuchochea maharage. Mimi nikakaa mchana kutwa, nikajaza kurasa kumi na moja. Nilitia Malkia, nilitia meli, nilitia ile orodha na vijiko vyake.

Alhamisi, saa nne asubuhi, mkutano ulikaa kwenye lile darasa. Kuta za matofali ya kuchoma, bati jipya, ubao mweusi usiowahi kuandikwa neno. Wanakijiji upande wa kulia, watu wa Kambi Saba kushoto, mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wake mbele. Nikasimama, nikasoma kwa sauti ya taarifa ya habari. Nilipofika kwenye sentensi yangu niliyoipenda, "Hivyo basi, Kambi Saba haijawahi kuwa ya nchi hii," nikanyamaza nisubiri makofi.

Nilisikia bati likitanuka kwa jua.

"Kwa hiyo," mwenyekiti akasema taratibu, "kwa maandishi yenu wenyewe, nyinyi si wenzetu. Ni wageni."

"Kisheria, mheshimiwa," nikajibu, bado natabasamu.

"Mtendaji, andika. Wamekiri."

Kalamu ya mtendaji ikaanza kukwaruza karatasi. Ndipo nikamwona shangazi Mwanaidi. Hakunikemea. Alikuwa anauangalia ule ubao, mikono mapajani, kama mtu anayeaga. Tabasamu lilinidondoka. Nilijua sasa nimewafungia watoto darasa kwa mkono wangu, na kwa hati nzuri.

"Weka kalamu chini," ikasema sauti upande wa kulia. Alikuwa Mzee Mhando. Alivua tai, akaikunja, akaiweka juu ya benchi. Utani ulimtoka usoni wote. "Hayo aliyosoma kijana yafute. Andika hivi. Shamba lilipofungwa, ardhi hii ilirudi kwetu, nao hawa walikuwa wamebaki bila kazi na bila nauli ya kurudi kwao. Walikuja kwa baba yangu, wakaomba mahali. Baba akawapa, kutoka mti wa mkwaju ule hadi korongoni. Kamba ya kupimia nilishika mimi upande mmoja, upande wa pili alishika babu yake huyu. Hakuna aliyewasahau. Waliomba, wakapewa."

Mwenyekiti akauliza nani anaafiki. Wazee wawili wa kijijini wakasema nao walikuwepo. Mikono ikainuka kulia na kushoto, nami yangu niliinua yote miwili. Mtendaji alichana ukurasa, akaanza upya. Kambi Saba ikawa kitongoji kabla ya adhuhuri, na shangazi Mwanaidi akapiga kigelegele kilichosikika, bila chumvi, mpaka Tanga mjini.

Ijumaa asubuhi nilianza safari ya kurudi, nikiwa nimejifunza kwamba kabla ya kuandika habari za mahali, uulize waliopo. Mzee Mhando alinisindikiza kwa miguu hadi njia panda, ambapo Rama alikuwa ananisubiri.

"Mzee," nikamwambia, "lakini ile habari ya kusahauliwa niliisikia kwa masikio yangu, kaburini kwa babu. Mtu mzima aliisema."

"Niliisema mimi."

"Wewe?"

"Ulikuwa utani, mjukuu wangu. Ndiyo kazi ya mtani msibani. Bibi yako alikuwa hajatia kitu mdomoni siku mbili, nikatafuta la kumchekesha. Akacheka, akala."