Siku Niliyomlilia Mzee Zablon Akiwa Chooni

Niseme mapema kabla hamjaanza kunionea huruma: mimi nilimlilia mtu mzima, mwenye afya yake na viatu vilivyopakwa rangi, mchana, mbele ya darasa la tatu zima, na nilijua kabisa mahali alipokuwa. Alikuwa chooni. Mpaka leo nikipita karibu na ile shule huwa nafunika uso na leso, ingawa karibu watu wazima wote walioona siku ile wameshazikwa (na wengi wao niliwaimbia mimi).

Kuimba matanga ndiyo ilikuwa kazi yangu. Watu waliniita Nyar Sori, binti wa Sori, kwa sababu nilizaliwa huko ziwani nikaja kuolewa huku kwenye miwa, karibu na Awendo. Mume wangu Elijah alipiga orutu, ile ala ya uzi mmoja inayolia kama mtu, na mimi nikaimba, na hakuna aliyekufa kutoka kwetu mpaka Rongo tusiitwe. Elijah alipofariki nilimwimbia mwenyewe bila orutu, maana nani angempigia, nikaitundika ukutani na ikabaki hapo. Watoto wetu wawili, Walter na Emelda, walikuwa Nairobi, na barua zao zilikuja Krismasi kama zilikuja.

Sasa upweke wa mwimba matanga si upweke wa mjane yeyote tu. Mtu akinihitaji, ujue amefiwa. Nikienda kuchota maji, mama anamvuta mtoto wake upande wa pili wa njia, na wale watoto wenyewe wakiniona wanasimama kabisa na kuuliza, “Dani, leo nani amekufa?” Dani ni nyanya. Mimi nililelewa nyumbani kwa nyanya yangu Abigael, ambako sisi wasichana tulilala kumi na mmoja tukisikiliza hadithi mpaka mmoja aanze kukoroma, nikajua nyumba ya nyanya inatakiwa ijae hivyo. Yangu ilikuwa na mimi, orutu, na kuku mmoja mweupe.

Basi mwaka mmoja, kwenye hiyo miaka ya tisini, akaja mwalimu mpya wa darasa la tatu, Mwalimu Pamela Atieno, mwembamba, sauti kama filimbi. Alinisikia kwenye matanga ya mzee Barnaba akaja kwangu akaniambia, “Mama, wewe ni mtunzi. Nitungie shairi la Kiswahili la watoto, siku ya kufunga shule kuna mgeni.” Akaniuliza nimesoma vitabu gani. Nikaona aibu, maana mimi niliishia darasa la tatu, lakini nikamtolea vyote kutoka chini ya kitanda. Kitabu cha nyimbo za kanisa kisicho na jalada, kitabu cha kujifunzia kusoma chenye picha ya sungura aliyeliwa kichwa na mchwa, na rundo kubwa kuliko hivyo vyote, zile karatasi za matanga zinazoandikwa maisha ya marehemu, alizaliwa wapi, baba yake nani, ameacha nani. Miaka ishirini nilikuwa nazisoma na kuzikunja na kuziweka. Mwalimu Pamela aliziangalia, halafu akasema, “Haidhuru, mama. Tunga tu kitu cha kufurahisha. Hata kuku.”

Nikatunga kuku. Na watoto wakaanza kuja kwangu wakitoka shule ili niwafundishe, ishirini na wawili, nawataja wote hata sasa nikiamka, Achieng Rose, Mercy, Kevin, Otieno mwenye pengo, Lilian na pacha wake Lencer, na wengine. Walikaa mpaka kwenye kitanda changu. Walikula viazi vyangu vikaisha. Wiki mbili nzima hakuna aliyeniuliza nani amekufa, nikaanza kuwa na mazoea mabaya ya kufagia uwanja mapema na kuangalia njia.

Kosa langu lilianza hapo, jameni, dogo kama punje ya mtama. Nilisikia mgeni ni Mzee Zablon wa pande za Homa Bay, mkaguzi wa shule mstaafu, yeye ndiye aliyetoa madawati. Nikawaza, huyu akifurahi atataka watoto waendelee, na wakiendelea watakuja kwangu muhula ujao. Tena yule kuku alinisumbua, maana mimi siwezi kuanza wimbo bila jina la baba, na kuku wangu baba yake ni nani? Nikamtoa kuku nikamweka mgeni. Nikauliza majina ya ukoo wake kwa muuza samaki mmoja wa kwao, nikayapanga vizuri, na sauti nikaweka ile ninayoijua.

Jirani yangu Konsolata alikuwa akichambua mboga akisikiliza. Akasema, “Nyar Sori, hiyo sauti ni ya Jumamosi.”

“Sauti ni sauti,” nikamwambia.

“Sawa. Mimi nimekwambia. Hata mboga hizi zimenyauka.”

(Kwetu watu huzikwa Jumamosi. Nilimwelewa vizuri sana, nikajifanya nyanya wa kisasa.)

Siku ikafika. Watoto soksi nyeupe, nywele zimenyolewa, mimi nimevaa gauni la kitambaa alilonitumia Emelda. Mzee Zablon alikuja na mama yake mzazi, Mama Dorsila, bibi kizee ambaye macho yalikuwa yamekwisha, akataka aguse madawati ya mtoto wake kwa mkono. Wakamkalisha mbele kabisa. Sasa mwalimu mkuu, Mwalimu Nyamohanga, alikuwa na vyoo vipya na hakuna mgeni aliyemponyoka bila kuvikagua, akamchukua Mzee Zablon wakaenda nyuma ya madarasa. Mwalimu Pamela akaona watoto wanachoka na jua, akasema waanze tu, mzee atawakuta katikati. Wakaanza, Rose akiongoza na wengine wakijibu huku wakipiga makofi polepole kama nilivyowafundisha:

*Zablon wa Ogweno, mjukuu wa Okumbo,*
*nani alivuka mto? — Zablon!*
*Alizaliwa Homa Bay, akapita Rongo,*
*ametuachia nini? — Madawati!*

Ubeti wa kwanza niliona akina mama wanatazamana. Ubeti wa pili, mmoja akavua kitambaa cha kichwa. Mama Dorsila Kiswahili hakukijua, lakini majina si Kiswahili, na sauti ile ameijua tangu azaliwe. Akanyoosha mkono kwenye kiti cha mtoto wake. Kiti kitupu. Bado nauona ule mkono unavyopapasa kiti. Akasimama, akaita, “Uwi! Uwi! Zablon wuoda!” yaani mwanangu, na bibi kizee akilia namna hiyo hakuna mwanamke wa kwetu anayebaki amekaa kuuliza maswali. Uwanja mzima ukalia. Wakata miwa wakatoka shambani na mapanga, dereva wa trekta ya miwa akasimamisha barabarani, watoto wakalia kwa sababu mama zao wanalia.

Na mimi, wenzangu, mimi niliyekuwa na uwezo wa kusema ukweli kwa neno moja, nilifanya nini? Nilisimama nikaongoza. Mdomo ulijua kazi yake. Wanawake wakilia mimi huongoza, basi nikaongoza, mikono kichwani, nikaingia ubeti wa tatu na machozi ya kweli yananitoka, nikizunguka madawati yale.

Ndipo mzee akatokea kwenye kona akifunga mkanda. Akapiga kelele, “Nani amekufa? Jamani, nani amekufa?”

Vilio vikakatika. Otieno mwenye pengo, mtoto aliyefundishwa kuwajibu wakubwa, akasema kwa adabu, “Ni wewe, mzee.”

Akacheka mmoja, wakacheka wengi, lakini Mama Dorsila hakucheka, alimshika mwanawe uso akampapasa masikio, pua, kidevu, akaketi chini mavumbini. Mimi niliondoka kupitia kwenye miwa na gauni langu la Emelda likachanika.

Laiti lingeishia hapo. Yule dereva wa trekta hakungoja mzee atokee, aliendelea na safari na habari yake, akaiacha kwa mwenye duka njiani, mwenye duka akaipeleka Rongo, Rongo kukapigwa simu Homa Bay, na Mzee Zablon alipofika kwake jioni alikuta moto wa matanga umewashwa uwanjani na shemeji zake wanabishana ni ng'ombe gani achinjwe. Alisimama akasikiliza kidogo ni nani alikuwa anamtoa ng'ombe mdogo, ndipo akaenda kuzima moto wake mwenyewe kwa ndoo ya maji.

Nilicheka niliposikia, lakini nilicheka peke yangu. Watoto hawakuja tena. Mama zao waliwakataza, na waliokutana nami njiani hata lile swali la zamani hawakuuliza, walikimbia tu. Nilichemsha viazi vya watu wengi siku ya kwanza shule ilipofunguliwa, kwa ujinga, nikampa kuku.

Kitu kama miezi miwili baadaye gari likasimama kwangu. Mzee Zablon akashuka, akamshusha mama yake. Nikapiga magoti kuomba msamaha. Mama Dorsila akauliza niko wapi, kisha akasema kwa Kijaluo, “Siku ile nilikukatiza. Sikusikia mwisho.”

“Mama, ule wimbo ni mbaya.”

“Ni mzuri. Imba. Mimi nitatangulia, na siku yake sitakuwepo kusikia wanavyomsema.”

Nikamwangalia mzee. Akaitikia kwa kichwa, akavua kofia, akaketi kwenye kitanda walipokuwa wakikaa watoto. Mama yake akamshika mkono. Nikaimba beti zote saba, polepole, majina yote, na sehemu ya watoto nikaitikia mwenyewe. Nilipomaliza bibi kizee akasema, “Okumbo si babu yake, ni ndugu wa babu. Rekebisha,” wakaondoka.

Nimerekebisha. Lakini tangu hapo niliapa, mtu mwenye mama simweki tena kwenye wimbo wa watoto. Nilirudi kwa kuku. Nina daftari mbili sasa za kuku, mvua, kumbikumbi, konokono, vitu visivyoliliwa na mtu, na Mwalimu Pamela alizifundisha mpaka alipohamishwa. Watoto walijifunzia shuleni. Mimi nilikuwa nasikia kutoka hapa, upepo ukiwa wa huku, na pale wanapoitikia nilikuwa naitikia.