Pilipili za Bibi na Panga la Baba

Juzi binti yangu alinionyesha kwenye simu yake watu waliokaa juu ya mikeka, miguu wameikunja, macho wameyafumba, kila mmoja kashika pilipili mkononi. Mwalimu wao, mwenye sauti laini, anawaambia watafune taratibu, wasikimbilie maji, wausikilize moto unavyopita mwilini mpaka mawazo yatulie. Binti akacheka. "Mama, hawa si wanajitesa tu?" Mimi sikucheka. Nilikuwa dukani kwangu hapa Tunduma, mteja wa kutoka ng'ambo ya mpaka ananiita mama kwa lugha yao, "Bamayo, mchele!" na simsikii, maana mawazo yalishanipeleka mbali, kwenye uwanja wa bibi kule Mbozi, siku ile ya damu.

Nikuambie, rafiki yangu, hao wa kwenye simu wamechelewa. Bibi yangu aliifanya kazi hiyo kabla hata umeme haujafika kwetu, na sauti yake haikuwa laini hata kidogo.

Nyumba yetu ilikuwa juu kidogo ya barabara kuu, ukishapita Nanyala, katikati ya mikahawa aliyoipanda babu. Tulikuwa watu wa kanisani, kila Jumapili mstari mzima wa benchi ni sisi. Na tulikuwa wagomvi. Usidhani natia chumvi. Baba alimvunja mtu taya kwenye kilabu cha pombe ya komoni kwa sababu ya kigoda. Mama alimrushia baba kuni yenye moto, ikamkosa ikaunguza pazia. Sisi watoto tuling'atana kwa ajili ya ukoko wa sufuria, tukatoana damu, kisha tukaukalia ukoko huohuo tukaula pamoja. Msimu wa kahawa ndio ulikuwa mbaya zaidi. Watu wamechoka, vidole vinanata utomvu, nyigu wamejaa kwenye maganda yaliyochacha, na mashine ya mkono ya kumenya buni inalia tangu alfajiri. Neno dogo tu lilitosha mtu akamkaba mwenzake shingo.

Nyuma ya jiko bibi alikuwa na vichaka vyake vya pilipili kichaa, zile ndogo zinazosimama kuelekea juu. Mtu akirudi nyumbani ngumi zimekaza, bibi hakumuuliza kosa la nani. Alimkalisha kwenye kigoda uwanjani, akachuma pilipili, akamtilia kiganjani. Sheria zake tulizijua sote. Unatafuna polepole. Hutemi, hunywi maji, husemi neno. Yeye anakaa mbele yako na ungo wa buni mapajani, anachambua mbovu, anangoja. Akiona wakati umefika anauliza swali moja tu: "Unasikia nini?" Ukijibu kwamba unasikia mdomo unawaka, anakuongezea nyingine. Ukitaja matusi uliyotukanwa, anakuongezea mbili. Alitaka umtajie kitu cha nje, kilicho mbali nawe.

Majirani wakichungulia juu ya ua aliwafukuza kwa methali, "Pilipili usiyoila yakuwashia nini?" Nao kesho yake walimleta mume au kijana wao akakalishwe.

Mimi nilikalishwa mara nyingi, kwa hiyo naweza kukueleza. Kwanza ulimi unakufa. Kisha moto unapanda masikioni, machozi na kamasi vinashuka pamoja, kichwa kinavuja jasho, moyo unadunda mpaka unadhani utatoka. Hapo unamchukia kila mtu, hasa bibi. Unatamani kumpiga teke. Halafu, ukivumilia, kuna mahali moto unafika halafu hauna tena pa kwenda. Mwili unalegea. Yule uliyetaka kumtoboa macho unamkumbuka jina lakini hasira yake huioni, umeipapasa haipo. Na dunia inasogea karibu. Namsikia mdudu anayetafuna jani la mgomba. Nasikia lori linabadilisha gia kwenye mlima, mbali kabisa, na mtu anayepiga mluzi mtoni. Nilikuwa mwepesi siku hizo kuliko nilivyowahi kuwa kanisani, Mungu anisamehe. Mtu angenipiga kibao wakati huo nisingeinua hata mkono.

Sasa kumbuka hilo la mwisho.

Baba alikuwa na kaka yake mmoja tu, baba mkubwa wetu, kifungua mimba wa bibi. Huyu hakukaa shambani. Aliishi hapa Tunduma akipakia na kupakua malori ya mpakani, akirudi kwetu mara chache na mikate na maneno makubwa. Babu alipofariki aliacha mikahawa yote ikilimwa na baba. Baba mkubwa hakusema kitu msibani. Alikuja kusema msimu wa mavuno, kwa shoka. Asubuhi hiyo tuliamka tukakuta mikahawa mstari mzima wa pembeni mwa shamba imelala chini, imejaa matunda mekundu, majani hayajaanza hata kunyauka. Alikuwa amekaa juu ya kisiki anavuta sigara. Alisema huo ndio mpaka wake yeye mkubwa, na upande huu anajenga nyumba.

Kwetu, kumkatia mtu mikahawa ni sawa na kumkatia watoto. Ile ndiyo ilikuwa daftari zetu, sare zetu, bati letu. Baba aliingia ndani akatoka na panga. Hakupiga kelele, na hicho ndicho kilichotutisha, kwa sababu baba akiwa na hasira ndogo alipiga kelele. Mama alimshika shati likachanika. Mimi nililia nikijua kabisa kwamba mmoja wao atakufa na mwingine atafungwa, na hatutabaki na mtu.

Bibi akamzuia njiani. Alikuwa mfupi, kichwa chake kilimfika baba kifuani. Akamzaba kofi, akamnyang'anya panga, akapaza sauti kuelekea kwenye visiki, "Na wewe njoo! Nyote wawili nimewazaa mimi. Kaeni chini, mle."

Baba mkubwa akaja akitabasamu. Wakakaa kwenye vigoda, wanatazamana. Bibi akaketi kati yao, panga akaliweka mapajani chini ya ungo, akawagawia pilipili, si moja wala mbili, konzi nzima kila mtu. Mama alitusukumia mlangoni pa jiko tukatazama kutoka hapo.

Baba aliteseka. Niliona mishipa ya shingo yake imesimama, machozi yanadondoka magotini, pumzi inamtoka kwa kukoroma. Alijipiga paja kwa ngumi. Baba mkubwa alitafuna kama anakula karanga. Jicho kavu, paji kavu. Bibi akamtazama kwa fahari, akasema, "Huyo ndiye mkubwa. Moyo wake umeshatua."

Hapo ndipo bibi yangu alipokosea, na kosa lake lilikuwa la mtu wa kwetu, aliyeamini kwamba pilipili inamjua kila mtu sawasawa. Mwanawe alikuwa ameishi miaka mingi na madereva wa malori, anakula nyama na pilipili mchana na usiku, mpaka mdomo ukawa gogo. Ile konzi haikumfanya chochote. Alikaa pale na hasira yake nzima, imepumzika, imeshiba.

"Unasikia nini?" bibi akamuuliza baba.

Baba alichelewa kujibu. Uso ulikuwa umemlegea, mzuri, wa kitoto. Akasema, "Nasikia maji kwenye mfereji, mama. Nasikia watoto wanapumua pale jikoni." Mimi nilifurahi, nikajua tumepona.

"Na wewe?"

"Nasikia kuku," baba mkubwa akajibu upesi. Kuku walikuwa wamelala kivulini, kimya.

Bibi akainama kuuweka ungo chini. Panga likabaki wazi mapajani kwake. Baba mkubwa akalichukua, kwa urahisi, kama mtu anayepokea kikombe, akasimama akamkata baba. Alilenga shingo. Baba alimwona. Naapa alimwona tangu panga linapanda, na hakuruka wala hakumvaa. Aliinua mkono taratibu tu, namna unavyokinga jua. Panga likapita kwenye mkono huo. Vidole vitatu vilianguka kwenye buni ya ungoni, na damu ikaruka mpaka kwenye gauni la bibi. Sauti ya pigo lile siwezi kukuelezea. Baba alikuwa anautazama mkono wake kwa mshangao, hata hajaanza kulia.

Baba mkubwa akainua panga tena. Bibi akakwapua pilipili zilizobaki, akazisaga kwa viganja vyake, akamrukia mwanawe wa kwanza akamsokomeza machoni kwa nguvu zake zote, anasugua, anapiga mayowe, "Muue na mama yako! Muue na mama yako!" Yule mtu aliunguruma mpaka mbwa wakakimbia. Aliacha panga, akakimbia kipofu kwenye mikahawa, anajigonga, anaanguka, mpaka barabarani. Watu walisema alidandia lori. Tulisikia baadaye kwamba alivuka mpaka na hakurudi tena.

Jirani mwenye gari alimpeleka baba hospitali. Bibi hakwenda. Alichukua jembe akang'oa vichaka vyote, akavirundika, akavitia moto na pilipili zake juu. Moshi ule ulisambaa kijiji kizima, watu wakakohoa mpaka kutapika, wakamlaani, na yeye alisimama katikati ya moshi mpaka ukaisha. Baada ya hapo hakumkalisha mtu yeyote. Alisema neno moja tu ninalolikumbuka, akimwambia mama walipokuwa wanamenya maharage: "Nilimnyang'anya silaha mmoja tu." Nilimchukia kwa ajili ya neno hilo. Kisha nilimpenda, kisha alifariki nikiwa bado sijaamua.

Siku hizi ukipita kwetu hutapatambua. Mikahawa imeng'olewa, pamepandwa parachichi. Ua umeanguka. Vijana wakigombana watu wanatoa simu wanawapiga picha.

Mwaka juzi ilikuja habari kwamba baba mkubwa amekufa huko Nakonde, mzee, kitandani kwake. Baba akataka kwenda kuzika. Nilimwambia haendi, akaenda, basi nikaenda naye. Alitupia udongo kaburini kwa mkono ule wenye vidole viwili, na watoto wa marehemu, ndugu zangu nisiowajua, wakautazama mkono huo bila kujua kwamba ni kazi ya baba yao. Tuliporudi, tumesimama kwenye foleni ya mpakani, nikashindwa kunyamaza. Nikamuuliza kwa nini siku ile hakumvaa kaka yake, na alikuwa na nguvu kumzidi.

"Sikuona sababu," akasema. "Vidole vilikuwa vyangu, mwanangu. Yule alikuwa wa mama."

Ni jibu zuri, na mchungaji angelipenda. Mimi silikubali. Siku hizi baba anaishi kwangu; asubuhi za Jumapili namwona anahangaika na vifungo vya shati, namfungia kimoja kimoja, na hasira inanipanda, hasira ya kumtaka mtu ambaye tayari yuko kaburini. Naangaza macho huku na huku. Hakuna tena wa kunikalisha chini.