Mstari wa Unga

Msimu ule tulifungwa mechi zote isipokuwa moja, na hiyo haikuchezwa kabisa, maana wapinzani walipotea njia huko Naviundu. Hata pointi ya mezani hatukupewa, kwa kuwa mwamuzi alikuwa ndani ya basi lao.

Kipa wa timu hiyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nasoma kilimo, mwaka wa pili, katika chuo kimoja upande wa Ruashi, na waliniweka golini kwa sababu ya urefu wangu tu. Hakuna aliyeniuliza kama najua kudaka. Kocha wetu, mwalimu wa takwimu, alikuwa na msemo mmoja: asiyekubali kushindwa si mshindani. Basi sisi tulikuwa washindani wakubwa, tulikubali kila Jumamosi.

Kwetu Lubumbashi mtu akifika nyumbani kwa watu husimama nje akaita "Odi!" na kungoja aambiwe karibu. Mashabiki wa timu pinzani waligeuza adabu hiyo kuwa fimbo ya kunichapia. Eneo langu la hatari, lile boksi tunaloliita surface, ambalo ndani yake kipa ana ruhusa ya kushika mpira kwa mikono, waliliita nyumba yangu. Mshambuliaji wao akikaribia tu, wanapaza sauti, "Odi! Odi!" Na wenzangu wa chuoni, watu wasio na haya, wakajibu, "Karibuni!" Mimi nina hasira za karibu. Siku moja nilitoka golini kwenda kumtafuta aliyesema karibuni, na niliporudi mgeni alikuwa amekwisha kuingia.

Kabla ya mechi ya mwisho mkurugenzi wa chuo alituita ofisini. Alikuwa mtu mpole, lakini kiwanja chetu kilimuuma jicho. Mjini kwetu mvua zikikaribia kila mtu hutafuta mahali pa kupanda mahindi, hata kando ya reli, na yeye alikuwa na kiwanja kizima kinachokaliwa na watu wanaofungwa.

"Bana, nataka point moya tu," alisema, maana yake tutoke sare. "Mukipata match nul, kiwanja inabakia yenu. Mukikosa, mimi nalima mahindi. Department ya agronomie iko tayari."

Wenzangu wote wakanigeukia, mwana-kilimo pekee chumbani, kana kwamba nilikuwa nimeficha jembe chini ya kiti. Nakiri kwamba niliumia. Pamoja na kufungwa kwetu kote, nilikipenda kiwanja kile kuliko darasa lolote. Pale ndipo nilipopata marafiki. Bila kiwanja kusingekuwa na timu, na bila timu ningebaki mtu mrefu tu.

Siku ya mechi asubuhi tuligundua hatuna chokaa ya kuchora mistari. Miaka yote kazi hiyo aliifanya mtunza ghala, mzee mwenye kamba na vigingi, ambaye alimwaga chokaa nyingi kama anayelipwa kwa gunia, na kila mara palepale. Lakini alikuwa amekwenda msibani Lukafu, na ufunguo wa ghala ulikuwa mfukoni mwake. Upepo wa kiangazi ulikuwa umefuta mistari ya zamani, na yote ilikuwa vumbi jekundu.

Nilikwenda kwa mama aliyeuza chakula kando ya kiwanja. Tulikula bukari yake, yaani ugali, tangu mwaka wa kwanza, na yeye alikuwa shabiki wetu mmoja wa kweli; hakuwahi kuitikia karibuni.

"Mama, uko na unga ya kuoza?"

"Unataka kupika nini, papa?"

"Nataka kuandika kiwanja."

Alicheka hadi akakaa chini, halafu akanitolea nusu gunia la unga wa mahindi ulioingiwa na wadudu. Kamba sikuwa nayo, basi nilipima boksi langu kwa hatua, nikamwaga unga nyuma yangu. Karibu na mstari wa mbele palikuwa na jiwe lililochomoza ardhini, ambalo kila mwaka tuliahidi kuling'oa. Nilimwaga unga nikaliacha jiwe kwa nje. Nilirudi nyuma kidogo nikaangalia, nikaona kazi yangu ni safi, nikaenda kula.

Sikufikiria kuku. Mtu anayesomea kilimo, amwage unga wa mahindi mchana kweupe karibu na kuku kumi na saba wa mama wa chakula, asifikirie kuku! Tuliporudi na jezi zetu, mstari wa mbele wa boksi langu ulikuwa umekwisha, na kuku walikuwa wanaelekea kona.

"Mama! Bakuku yako banakula surface!" nilipiga kelele.

"Ni we mwenyewe ulibatandikia meza!" alinijibu, huku akiwafukuza kwa mwiko.

Unga ulikuwa umekwisha. Mwamuzi alitikisa kichwa, akasema tutacheza hivyohivyo.

Na siku hiyo, sijui ni kitu gani kilitushika, tulicheza. Beki wetu wa kulia, ambaye kwa kawaida alikimbia mpira kama deni, aliutafuta. Mimi nilidaka. Nilidaka wa juu, nikadaka wa chini, nikadaka mmoja kwa uso. "Odi!" walipaza sauti, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikasikia wenzangu wakijibu, "Benye nyumba balisafiri!" Nilitamani mechi isiishe, na papo hapo nilitamani iishe.

Dakika zilibaki chache, sare ya bila kwa bila, wakati mshambuliaji wao alipopenya peke yake. Nilitoka mbio, nikaruka, nikaushika mpira kwa mikono miwili, na kiwiko changu cha kulia kikatua juu ya lile jiwe. Damu ilitoka. Wapinzani walizunguka mwamuzi wakidai nimedakia nje ya boksi. Wenzangu wakaapa kwa mama zao nilikuwa ndani. Mwamuzi alitazama chini akaona nyayo za kuku tu.

"Ni nani aliandika hii kiwanja?" aliuliza.

"Ni mimi."

"Basi ni we unayuwa. Gardien, sema kweli. Ulikamata ndani ao inje?"

Bibi yangu alinilea kwa kuniambia msema kweli ni mpenzi wa Mungu, na nilimchukia bibi yangu kwa muda mfupi. Nililitazama jiwe. Asubuhi nilikuwa nimeliacha nje, kwa mkono wangu.

"Inje," nilisema.

Walipewa mpira wa adhabu. Ulipita juu ya ukuta wa wenzangu, ukapita juu ya vidole vyangu, ukaingia bila kubisha hodi. Tulifungwa moja kwa bila. Nahodha wetu hakunisemesha wiki mbili. Kocha alinishika bega, akaanza, "Asiyekubali..." nikamwomba aache.

Mvua zilipoanza, kiwanja kililimwa. Na nani walipanda? Sisi wa kilimo, kwa maksi za mazoezi. Nilipiga mashimo na kudondosha mbegu katika nyumba yangu mwenyewe, milingoti ya goli imenisimamia kama askari. Siwezi kusema uongo, nililia kidogo, nikasingizia jasho.

Kufika mwezi wa kwanza mahindi yalikuwa aibu. Yalikuwa ya njano, yanafika magotini, ardhi imekanyagwa miaka mingi na udongo wetu ni mchachu. Lakini humo ndani ya unjano kulikuwa na kitu kingine. Mkurugenzi alikuja na mwalimu wetu wa udongo, nasi wanafunzi nyuma yao, mama wa chakula akafuata na mwiko wake. Tulipanda ghorofani chuoni ili tulione shamba lote, tukatazama chini.

Kiwanja kilikuwa kimejichora. Mahindi marefu, ya kijani kibichi, yalikuwa yamesimama kwa mistari: kando zote mbili, duara la katikati likiwa zima, maboksi mawili. Popote mzee wa ghala alipomwaga chokaa yake miaka yote ile, udongo ulikuwa umepona uchachu, na mahindi yalikuwa yamefurahi.

Mwalimu alianza kueleza. Mkurugenzi hakumsikiliza; alikuwa amekamata ukingo wa dirisha, anacheka na kufuta machozi.

"Hata mahindi inashindwa kwenu," alisema mwishowe. "Na ile inashinda, inacheza foot! Tukivuna, mukamate kiwanja yenu."

Wenzangu walirukaruka kama waliotwaa kombe. Mimi nilikuwa nimekwisha kushuka ngazi mbio, mama akinifuata kwa pumzi za taabu. Niliingia katika mahindi mafupi nikatafuta jiwe langu, nikalipata, kisha nikatafuta ule mstari mrefu wa kijani ulio mbele ya boksi. Ulikuwa mbele ya jiwe, kuelekea katikati ya kiwanja, hatua mbili nzima; jiwe lilikuwa ndani ya boksi. Hatua zangu za asubuhi ile zilikuwa fupi, na mstari wangu wa unga ulikuwa uongo mtupu.

Nilisimama pale na kovu langu la kiwiko, nikiwa sijui nicheke au nijipige kofi.

"Mama," nilisema, "nilikuwa ndani."

Aliutazama mstari, akalitazama jiwe, akanitazama mimi. Halafu akatoka hadi upande wa pili wa mahindi marefu, akayapanua kwa mwiko, akachungulia.

"Odi!" aliita.

Na mimi, mwenye nyumba, nikamjibu, "Karibu, mama."