Wiepkje na Diski Isiyozunguka

Kwa miaka thelathini na moja Wiepkje Hoekema alifungua na kufunga daraja la mfereji katika mji wa Dokkum, Uholanzi, kwa hiyo kusubiri hakukuwa jambo geni kwake. Alipostaafu alianza kuandika habari za mashua na wenyewe katika gazeti la mtaa, kwa laptopu yenye umri wa miaka kumi na miwili. Lakini laptopu hiyo ilikuwa goigoi kupita kiasi. Aliiwasha asubuhi, akaanika nguo, akamenya viazi, akarudi akakuta kiduara bado kinazunguka kwenye kioo. Bintiye, Jildou, alimsihi aitupe anunue nyingine. Wiepkje alimjibu kuwa daraja lake lilikuwa kuukuu kuliko wote waliolipita, na hakuna aliyelitupa. Lilitiwa grisi likaendelea.

Jumamosi moja ya Februari aliipakia kwenye baiskeli, akapambana na upepo mpaka maktaba, ambako wakazi hukutana kutengenezeana vitu vilivyoharibika. Meza ya kompyuta ilikuwa ya Tjibbe, daktari wa meno mstaafu, mtu wa mizaha. Aliitegea mashine sikio, akasema mwili ni mzima, ila diski imezeeka: ndani mna kisahani kinachozunguka na kijisindano kinachohangaika huku na huko kutafuta kitu. Diski ya kisasa, ile ya SSD, haizunguki wala haihangaiki. Ukiita, imeshaitika.

Wiepkje akatoka mbio kwenda dukani. Kahawa ya Tjibbe ilikuwa haijapoa aliporudi na diski mpya, nyepesi kama biskuti. Tjibbe akashika bisibisi.

"Iweke chini hiyo bisibisi," Wiepkje akamwambia. "Wewe elekeza kwa kidole, mkono uwe wangu."

"Na ukivunja, bibi wee?"

"Nikivunja, nimevunja changu."

Kwanza waliunganisha diski mpya kwa waya ili mambo yote ya ile ya zamani yanakiliwe humo. Kazi hiyo ilichukua saa mbili na nusu. Wakala keki yenye sukari ya waridi juu, na Wiepkje akamsimulia habari za nahodha aliyepita darajani na mbuzi juu ya paa la mashua, mbuzi akarukia darajani akagoma kuondoka, watu wote wakimsubiri. Kisha akafungua skrubu tisa akaziweka kwenye kisosi, akachomoa diski ya zamani, akachomeka mpya, akafunika, akawasha.

Kioo kikawa cheusi, na mstari mmoja tu: hakuna diski iliyoonekana.

Tjibbe akakuna kichwa, akaanza kusema kwamba huenda mashine yenyewe ndiyo imekata roho. Wiepkje hakumsikiliza. Miaka yote ile hakuruhusu hata baiskeli ipite darajani kabla komeo halijasema tak. Jicho hudanganya, sikio halidanganyi. Na hapa, alipokumbuka vizuri, hakuwa amesikia kitu. Akaizima, akaifungua tena, akaisukuma diski kwa dole gumba.

Tak.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia," Tjibbe akasema polepole.

Akawasha. Alikuwa hajakaa vizuri kitini, picha ya daraja lake ikajaa kioo, mashine tayari inamngoja yeye. Wiepkje akaangua kicheko mpaka akina mama wa meza ya cherehani wakasimamisha vyerehani vyao. Akaizima, akaiwasha. Akaizima, akaiwasha. Mara ya saba Tjibbe akamwomba aihurumie.

"Haijachoka," Wiepkje akasema huku akifuta machozi ya kicheko. "Niliyekuwa nachoka ni mimi."

Nyumbani alimpakatisha mumewe, Bauke, ile laptopu, akaiwasha, akamwambia ahesabu hadi kumi na tano. Alipofika kumi na moja, mashine ikawa tayari. Bauke ni mtu wa maneno machache.

"Sasa viazi utamenya saa ngapi?" akauliza, na wote wawili wakacheka hadi jirani akagonga ukuta.

Kufikia Pasaka, Wiepkje alikuwa na kiti chake kwenye meza ya Tjibbe. Alikuwa amekwisha kuifufua kompyuta ya mpiga kinanda wa kanisa, na ya katibu wa chama cha wateleza barafuni, aliyemkumbatia mbele za watu. Siku moja Bauke alimkuta ameshika bisibisi, akiitazama redio ya mumewe kwa upendo. Bauke aliikumbatia redio, akapanda nayo ghorofani, akafunga mlango kwa ufunguo.