Barua Iliyosema Tulihama kwa Hiari

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufagio, ndoo na onyo. Bwana Masjala, mkuu wa chumba cha majalada, aliniuliza, "Umesoma mpaka la ngapi?"

"La nne."

"Safi. Hapa wasomi wanatuponza."

Masjala ndiko zinakolala barua za serikali. Kila barua inapewa namba pembeni kwa kalamu nyekundu. Hiyo namba ndiyo folio. Ukichomoa moja, pengo linakusema. Baadaye kazi hiyo nikapewa mimi. Nimefanya chini ya mabwana masjala wanne mpaka nikastaafu, na mikononi mwangu haikupotea folio hata moja. Nani mwingine anaweza kusema hivyo?

Sasa mjukuu wangu Neema anasoma historia chuo kikuu, yuko mwaka wa tatu. Kijiji kizima kinajua, nimehakikisha. Lakini likizo hii alinipa shikamoo, akaweka simu ya kurekodi juu ya gunia la alizeti, akasema, "Bibi, wewe ni chanzo changu."

"Chanzo cha nini? Cha ugomvi?"

Akacheka. "Cha historia, Bibi. Mtu aliyeona."

"Aliyeona anaitwa shahidi, na shahidi anaitwa mahakamani. Nani kakutuma?"

"Hakuna, Bibi. Ni utafiti wa kumalizia shahada."

Watu wa kalamu nawajua. Leo wanakuja na daftari, mwezi ujao wanakuja na lori. Nikamwambia azime simu. Akazima. Nikaigeuza, nikaitazama mpaka kioo kikawa cheusi kabisa.

Akanionyesha picha ya barua ya zamani, ya miaka ya vijiji vya ujamaa, akasoma: wananchi wa kijiji chetu walihamia kijiji kipya kwa hiari na furaha. "Nikikosa wa kupinga, Bibi, nitaandika hivi hivi."

Pembeni palikuwa na namba nyekundu. Mwandiko wangu.

Basi nikasema. Mama yangu aligoma kutoka. Wanamgambo wakabomoa paa la udongo la tembe yetu yeye yumo ndani, udongo ukammwagikia kichwani. Nilikuwepo. Wiki iliyofuata Bwana Masjala akanipa barua ile niipe namba. Neno "hiari" nililisoma vizuri tu.

"Niandike jina lako?" Neema aliuliza taratibu.

"Washa simu yako. Jina langu, na la mama yangu. Uandike pia kwamba nilisoma, nikaelewa, nikafunga jalada."

Nyie mnaosoma historia, msiiamini karatasi kwa sababu ina namba. Muulizeni aliyeiandika hiyo namba, kabla hatujafa.