Jamaa Aliyepanda Matuta

Nilianza kumshuku siku ile ile aliyoingia kwenye kibanda chetu cha gemu, pale Ngamiani, Tanga, akampa mwenye kibanda shikamoo. Mwenye kibanda ana ndevu za kuhesabika, zote upande mmoja, na hakuna aliyewahi kumwamkia hivyo isipokuwa anayetaka kucheza bure. Mwenyewe alishtuka, akageuka nyuma kuona mzee gani kaingia. Halafu akaitika "marahaba" kwa sauti nzito ambayo sijui aliitoa wapi. Nikasema moyoni, huyu mtu ana lake.

Alikuwa ametoka Amani, ambako baba yake anafanya kazi kwenye mashamba ya chai, akaletwa mjini kwa shangazi yake asome. Tukawa kidato kimoja. Mpole, Mlutheri wa kwaya, viatu kavipiga kiwi mpaka kwenye soli. Watu wa namna hii ndio wa kuogopa. Akakamata pedi ya kuchezea, tukashindana mbio za magari, na kwenye kona ya mwisho akanipita kama nimeegesha.

Siku hiyo nikasema bahati. Alipoendelea kunipita wiki nzima, pale pale, kona ile ile, nikasema huu ni wizi.

Ingekuwa ni kucheza tu, ningemwachia Mungu. Lakini mwenye kibanda alikuwa ametangaza kwamba Jumamosi tutashindana mtandaoni na kibanda kimoja cha Moshi, na kiti kimoja kilikuwa wazi. Kiti hicho ni changu au cha jamaa wa Amani. Atakayezunguka haraka zaidi Ijumaa alasiri ndiye anakaa. Sasa mimi kwenye timu ya shule ni mbeba maji. Kwenye maulidi ya madrasa niliwekwa nyuma na kuambiwa nifungue mdomo bila kutoa sauti. Sijawahi kuchaguliwa mbele za watu kwa jambo lolote zaidi ya kufagia. Kiti kile nilikitaka mpaka nikawa nakiota.

Basi nikaanza upelelezi. Nikashuku pedi yake, nikadai tubadilishane. Akanipa kwa mikono miwili, "karibu," halafu akanipita. Nikashuku kwamba alipokaa yeye mtandao unafika mapema kuliko nilipokaa mimi. Tukahama. Akanipita. Nikamgeukia mwenye kibanda.

"Oya, huyu umempa gari gani?"

"Lile lile lako. Tofauti ni dereva."

Watu wakacheka. Nikawashuku na waliocheka.

Nyumbani sina pedi, kwa hiyo nikawa nafanya mazoezi na mfuniko wa sufuria. Nakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, ambayo iko chini chini kama kiti cha gari la mashindano, nafumba macho na kuizunguka njia yote kichwani: breki, kata kushoto, achia, kanyaga mafuta. Bibi akanikuta hivyo.

"Unaendesha nini?"

"Gari, bibi."

"Liko wapi?"

"Kichwani."

Bibi aliniangalia kama mtu anayeangalia maziwa yaliyokaa sana. Kesho yake akaja na kombe, yale maandishi ya zafarani yaliyooshwa kwa maji kwenye sahani nyeupe.

"Bibi, mimi siumwi."

"Hukuulizwa. Kunywa, hilo gari lishuke."

Nikanywa. Gari halikushuka.

Alhamisi nikaomba tuangalie marudio ya mchezo wetu, pole pole, upande wa gari la jamaa. Hapo ndipo nikamkamata. Pembeni ya kona ile kuna kingo za mistari myekundu na myeupe. Mimi nilikuwa nazikwepa siku zote, kwa heshima kabisa. Yeye alikuwa anazipanda! Matairi ya upande mzima juu, kona anaikata kama mkate.

"Simamisha! Simamisha hapo! Mnaona? Anapanda matuta!"

"Matuta gani?" mwenye kibanda akauliza.

"Hayo yenye rangi!"

Mtu mmoja akaanguka kwa kucheka kutoka kwenye benchi, wengine wakafuata.

Wacheke tu. Mjomba wangu ni dereva wa bodaboda, na barabara nimefundishwa naye nikiwa nimepakiwa nyuma, Tanga mpaka Pangani: ukiona mistari ya rangi, punguza, maana mbele kuna tuta, na nyuma ya tuta kuna trafiki. Nimekua hivyo. Gemu nzima nilikuwa naendesha kama nimebeba trei za mayai za mtu.

"Mwanangu, kumbe unaogopa trafiki?" jamaa wa Amani akasema. "Zipande, zimewekwa zipandwe. Ila breki imalize mapema, gari likiwa limenyooka. Ukifunga breki ukiwa juu yake, unazunguka."

Nikamshuku mara mbili. Tunagombea kiti kimoja, halafu ananifundisha bure? Nikafanya kinyume chake kwanza, nikafunga breki nikiwa juu. Gari likazunguka kama feni. Nikafanya alivyosema, likapita. Iliniuma sana.

Mwenye kibanda akaniwekea kivuli cha jamaa, yaani mzunguko wake bora unaonekana mbele yako kama gari la ukungu mwepesi. Huwezi kuligonga, unalifuata tu. Nikalifuata mpaka nikafukuzwa. Zamani nikishindwa nabadilisha gari. Siku ile nilibaki na gari moja na kona moja, nikitazama wapi anaachia mafuta na wapi anarudisha. Nikawa namkaribia. Kumpita, hapana.

Ijumaa nilikuja na kanzu ya msikitini inayonukia udi, na juu yake bibi alikuwa amenimwagia marashi. Nilipokaa, jamaa akanusa.

"Unanukia nini?"

"Kawaida."

"Hii si kawaida. Umetoka kwa mganga gani?" Akasogeza kiti chake. "Shangazi aliniambia, Tanga niangalie sana."

Mimi na utani tumezaliwa pamoja, ningefanyaje? Nikainua pedi, nikaipulizia, nikanong'ona jedwali la saba, saba mara moja saba, mpaka mwisho.

"Anasoma nini huyu? Bosi, anasoma nini?"

"Cheza," mwenye kibanda akaniambia.

Nikacheza. Kivuli chake nilikigusa mkia tu, sikukipita. Ikaja zamu yake. Akaenda vizuri njia nzima, na alipofika kona ya mwisho akafunga breki akiwa juu ya kingo. Akazunguka.

Kiti kikawa changu. Watu walinipiga makofi ya mgongo, mimi nikawa namtazama yeye. Kosa lile alinionya kwa mdomo wake mwenyewe. Aliogopa jedwali la saba, au aliniachia? Na kama aliniachia, anataka nini?

Jumamosi nimekaa, kibanda kimejaa, na yeye kaja kusimama nyuma yangu bila kuitwa. Mzunguko wa mwisho kulikuwa na gari la Moshi mbele yangu, na kona inakuja.

"Bado," akasema sikioni.

Kidole changu kilikuwa kwenye breki.

"Bado."

Kama mtu anataka kulipiza, hapa ndipo mahali pake. Anicheleweshe tu, naingia ukutani mbele ya mtaa mzima, kiti kinarudi kwake. Nilijua. Mwenzangu wa Moshi akashika breki. Mimi sikushika.

"Sasa!"

Nikafunga, nikaachia, nikazipanda zile kingo zote. Gari la Moshi likabaki kushoto kwangu, halafu nyuma. Nikamaliza wa pili. Kelele zilizopigwa, muuza mihogo wa nje aliingia akidhani tunapigana.

"Mbona uliniambia kweli?" nikamuuliza jamaa.

"Kwani ulitaka uongo?"

"Na jana, uliniachia?"

Akacheka tu, akatoka, akarudi na soda mbili zilizokwisha kufunguliwa. Akanipa moja. Nikainusa, nikamrudishia, nikachukua ile ya kwake.

Na yeye akaipokea yangu, akainusa.