Presha ya Dobi Mistari

Naomba nisikatizwe. Nikikatizwa nakasirika, nikikasirika napindisha maneno, na maneno yaliyopindishwa ndiyo yaliyotaka kumuua kaka yangu.

Kaka yangu ni dobi. Watu wanamwita Mistari, maana suruali ikitoka chini ya pasi yake ina mstari ulionyooka mpaka mwenyewe unaogopa kukaa. Chumba chetu cha kazi ni kidogo: meza yake iliyofunikwa blanketi, pasi mbili za mkaa, kamba ya kutundikia nguo, na kiti changu mlangoni ninapoketi kushona vifungo na kupokea wateja. Yeye hana maneno mengi. Maneno ninayo mimi, ya kwangu na ya kwake.

Miaka minane iliyopita, kabla hajaoa, alianza kusikia watu ndani ya nguo. Anapiga pasi shati la mwalimu, anasikia mtu anaongea mfukoni. Mwishowe akakataa kugusa nguo yoyote, akajikunyata pembeni siku tatu, kaziba masikio, chakula hataki. Nikampeleka kwa daktari wa akili. Akaandikiwa vidonge vya kumeza kila siku, na baada ya miezi miwili wale watu wakaondoka. Wakaondoka kabisa! Nusura nimkumbatie yule daktari.

Kisha akapata mchumba. Siku tuliyokwenda kujitambulisha, paketi ya vidonge ikamdondoka mbele ya mama wa binti.

"Kwani mwanangu anaumwa?" mama akauliza.

Kaka akanitazama. Nami na mdomo wangu huu nikasema, "Presha tu, mama. Ya kurithi."

Presha haina aibu. Ukoo gani hauna mtu wa presha? Wakatupa pole, na mke wakatupa.

Wifi yangu ni mtu wa kushika neno. Kwa ajili ya presha hiyo alipika miaka minne bila chumvi, na kaka akala miaka minne bila kunung'unika. Mimi wakinialika nilikuwa nakula kwanza kwangu. Tulikuwa tunacheka, mimi na kaka, tukiwa wawili. Sasa sicheki.

Mwaka huu wifi akashika mimba. Badala ya kufurahi, kaka akaanza kutetemeka mikono. Moyo unamwenda mbio, hewa haimtoshi.

"Dada, mtoto akiwa kama mimi je?"

Nikamwambia aache upuuzi. Huo ndio msaada niliompa. Wifi, mwenye huruma kuliko mimi, akamshika mkono mpaka zahanati ya jirani. Daktari wa pale akauliza kama mgonjwa anatumia dawa nyingine. Wifi akamjibia, kwa moyo mweupe kabisa: "Ana presha, daktari. Dawa zake anameza kila siku, haruki hata moja." Basi akapewa vidonge vya kutuliza wasiwasi, na siku za mwanzo vikamfaa kweli, mikono ikatulia.

Wiki ya pili mambo yakageuka.

Asubuhi moja nilimkuta kishafika, mkaa umekolea, mashati sita yametundikwa, yote yamegeuzwa uso ukutani, yamefungwa vifungo mpaka cha shingoni. Yeye kasimama katikati ya chumba.

"Dada, nani kapiga hizi?"

"Nani tena? Si wewe!"

"Mimi ndio naingia sasa hivi."

Nikagusa shati moja. Lilikuwa bado la moto. Nikacheka, yeye hakucheka.

Kesho yake nilimwona kwa macho yangu. Anapiga pasi mkono wa shati, macho yako wazi. Namwita, haitiki. Pasi inakwenda, inarudi, inakwenda, inarudi, pale pale, mpaka kitambaa kikaanza kunuka kuungua. Nikamnyang'anya pasi. Jamani, mkono wake ukaendelea, mtupu, kwenda na kurudi juu ya meza! Nilipomtikisa akaniuliza saa ngapi, nikamjibu. Baada ya kitambo kidogo akaniuliza tena, kwa sauti ile ile.

"Wamerudi?" nikamnong'oneza.

"Hapana. Safari hii kimya tupu." Ulimi wake ulikuwa mzito. "Kuna mtu anafanya kazi yangu, dada. Anaujua mkono wangu. Kila nikija nakuta kamaliza."

Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili. Vile vidonge vipya nilivijua, ila sikuvitia maanani. Dawa ya wasiwasi nayo dawa? Nikaona ni ugonjwa wa zamani umerudi na sura nyingine. Nikamwambia, "Zile za zamani ongeza kimoja." Nani kanipa udaktari? Hakuna. Na kaka yangu tangu utotoni, nikisema, anafanya.

Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, wifi akanijia mbio, tumbo mbele, miguu peku. Kaka alikuwa amelala sakafuni chumbani kwao, jua lote la dirishani limempiga usoni wala hakunji jicho. Mama mkwe wake, aliyekuja kumsubiri mjukuu, alikuwa ameketi kichwani pake akimpepea. Nikaweka kiganja mbele ya pua. Pumzi ikaja. Nikangoja. Nikangoja mpaka nikasema ndiyo basi tena, ndipo ikaja nyingine, ndogo. Midomo ilishabadilika rangi. Nikamzaba kofi. Macho yakafunguka nusu, yakanielekea, na ndani hamkuwa na mtu.

Jirani mwenye gari akatukimbiza hospitali. Nesi akamfunga mkanda wa kipimo mkononi, akatikisa kichwa.

"Presha imeshuka mno. Anatumia dawa gani?"

"Za presha," wakajibu wifi na mama yake kwa pamoja.

"Basi atakuwa kameza nyingi," nesi akamwambia daktari, na daktari akaanza kuagiza mambo kwa kufuata neno hilo.

Nilikuwa nimeegemea ukuta. Sema, nikajiambia. Nikamtazama wifi na tumbo lake, nikamtazama mama yake, nikaiona ndoa ya kaka yangu inavunjika mbele ya nesi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Msemo huo nimewapigia wengi, kidole juu. Sasa kifo kilikuwa kimefika kitandani, nami bado napima maneno. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

"Si presha!" Nilipiga ukelele hata mwenyewe nikashtuka. "Ni dawa za akili! Alikuwa anasikia sauti. Presha hajawahi kuwa nayo, nilidanganya mimi. Na ana nyingine za wasiwasi, anameza zote. Na jana nilimwambia aongeze."

Daktari hakunigombeza. Alifuta alichoagiza, akaanza upya. Wakamwekea hewa puani, dripu mkononi, nesi akakaa kando yake akihesabu pumzi. Mimi nikatumwa nyumbani kuleta paketi zote. Nilikimbia.

"Hata sisi huwa tunazitoa pamoja," daktari aliniambia baadaye, paketi mbili mkononi. "Lakini kwa kipimo, na tukijua. Kila moja inamtuliza mtu. Zikikutana bila wa kuzisimamia zinamvuta upande mmoja. Anafanya kazi usingizini, hakumbuki, presha inashuka, mwisho hata pumzi inalegea. Na msije mkaacha yoyote ghafla. Tutapanga sisi."

Mama mkwe alinitazama kama anayetafuta mahali pa kunipiga. Nilimwelewa.

Alasiri kaka akafumbua macho, na safari hii alikuwemo.

"Dada, umewaambia?"

"Nimewaambia."

Akageuza uso ukutani. Wifi akavuta kiti. Nikajua sasa anaaga, anarudi kwao na mimba yake, na sikuwa na haki ya kumzuia.

"Mume wangu," akasema, "hao watu walikuwa wanasema nini?"

Miaka minane nimemhesabia vidonge, nimemsemea, nimemdanganyia. Swali hilo sijawahi kumuuliza. Nikafungua mdomo kumjibia.

"Sijakuuliza wewe, wifi."

Nikaufunga.

Kaka akasema, akiwa bado ameuelekea ukuta, "Walikuwa wanasema nisipumue kwa nguvu. Watu watanisikia, wanijue."

Wifi akamwekea kiganja kifuani.

"Pumua," akamwambia. "Pumua kwa nguvu. Mimi nataka kukusikia."

Akavuta pumzi moja, ndefu, ya sauti, na mama mkwe pale mlangoni akaanza kulia.